Sekunde Kumi na Nne za Kosa

Maikrofoni ilikuwa moja, mikono iliyoishika miwili, na mwenye duka alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nyingine haiji mpaka mwezi ujao.

"Dada, mimi ndiye niliyetangulia," alisema mwanamume.

"Ulitangulia kwa macho. Mimi nimetangulia kwa mkono," alijibu mwanamke, na hakuachia.

Ilikuwa saa saba mchana, ghorofa ya pili ya jengo la maduka ya simu na vifaa vya umeme, mahali ambapo watu hupita wakisukumana mabega na kila duka limefungulia muziki wake. Mwanamke alivaa suruali yenye mifuko isiyohesabika, fulana nyeusi, na miwani aliyoipandisha kichwani akaisahau huko. Mguu wake mmoja uligonga sakafu muda wote, kama unaotaka kuondoka bila yeye. Kwao walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina hilo alilistahili tangu siku alipojifunza kutembea. Mwanamume alikuwa mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi likapigika, viatu vinang'aa, lakini sauti imemkauka vibaya.

"Unaitakia nini?" Kiguu alimuuliza.

"Kazi. Nafundisha watu kwenye kelele. Si unasikia mwenyewe? Hii sauti ni ya kuazima."

"Na mimi ni kazi. Kesho asubuhi napiga video, na maikrofoni yangu imekufa leo."

"Video ya harusi?"

"Harusi za nini! Video za makampuni. Mafunzo ya wafanyakazi, taarifa za ofisi, maelezo kwa wateja. Kazi za watu wenye akili."

"Nisamehe, mwenye akili." Alicheka, akakohoa, akaachia. "Chukua. Ila usiniringie nayo."

Kiguu alilipa mbio mbio akaondoka hata jina hakuuliza. Hatua tatu, akageuka. "We kaka! Kunywa tangawizi!"

"Na wewe shusha miwani kabla hujaanza kuitafuta!"

Mji una watu wengi, lakini mapenzi yakiamua kumtafuta mtu hayahitaji anwani. Asubuhi iliyofuata Kiguu aliingia katika kiwanda cha magodoro, begi la kamera begani, nyuma ya mama mkurugenzi aliyekuwa akitembea haraka kuliko viatu vyake vya visigino vilivyotaka. Walipita mabonge ya sponji yaliyorundikwa mpaka karibu na paa, wakafika kwenye mashine namba tatu, yenye kisu kirefu chembamba kinachopasua sponji kuwa magodoro.

"Huyu ndiye mkufunzi wetu," alisema mkurugenzi. "Hapa tunamwita Wembe, maana kila anayegusa kisu lazima apite mikononi mwake. Sasa tumefungua matawi manne na yeye ni mmoja. Ndiyo maana tumekuita, utuwekee mafunzo yake kwenye video iliyopigwa kitaalamu, watu wa matawini wasome kwake bila yeye kupanda basi."

Wembe aliitazama maikrofoni iliyobanwa kwenye fulana ya Kiguu. Kiguu alitazama pembeni.

"Tangawizi nimekunywa," alisema Wembe.

"Naona. Umerudi kuwa binadamu."

Walipiga picha siku tisa. Siku ya kwanza Wembe aliganda mbele ya kamera, akawa anasoma maneno kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Kiguu alizima taa, akamwambia, "Sahau kamera. Nifundishe mimi. Mimi ni mfanyakazi mpya, mbishi, na nina haraka."

"Hiyo haihitaji kuigiza," alisema Wembe. Basi akamfundisha, na Kiguu akapiga. Siku ya nne Kiguu alikuwa anamwita Wembe mpenzi mbele ya mafundi kisha anajifanya ametania. Siku ya sita Wembe alimpigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

"Kuna nini?" Kiguu alishtuka.

"Hakuna. Nilitaka kujua umeamkaje."

"Nimeamshwa na wewe!"

"Basi umeamka vizuri."

Moyo wa Kiguu haukutulia tena. Aliweka chai akaisahau, akapanda ngazi akashuka, akatoka nje kutazama kama mvua inakuja wakati jua linawaka. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akisoma maelezo ya sauti katika video zake zote, alimtazama akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, umepatikana."

Lakini kazi ilikuwa na jambo moja ambalo Wembe alilikataa katakata. Kila somo lilikuwa na sehemu mbili, njia isiyo sahihi na njia sahihi. Njia isiyo sahihi ilikuwa kutia mkono chini ya kisu ili kuchomoa sponji iliyokwama.

"Siigizi hiyo," alisema. "Baba yangu alifanya kazi mashine hii hii. Ana vidole vitatu mkono wa kulia. Mimi niliingia kiwanda hiki ili asitokee wa pili, na miaka minane hajatokea. Leo nitie mkono wangu pale, watu watazame?"

"Mtu asiyeoneshwa kosa atalitambuaje? Tunazima swichi kuu. Ufunguo unakaa nao wewe mwenyewe. Halafu dada atasema, hii ni njia isiyo sahihi, na alama nyekundu itajaza kioo kizima."

Wembe alizunguka mashine mara mbili. Alizima umeme, akautoa ufunguo, akaujaribu mtambo mara tatu kuhakikisha umekufa. Kisha akatia mkono. Sekunde kumi na nne tu, akautoa, jasho likimtoka kwenye nyusi.

Nyumbani, Kiguu alikaa kwenye kompyuta kuhariri. Zile sekunde zilikuwa zimepooza, maana mashine iliyozimwa haimtishi mtu. Akachukua mngurumo wa mashine ikiwa inafanya kazi, akauweka juu ya picha ya mkono. Alipoangalia tena, nywele zilimsimama. Kazi nzuri kabisa. Ilibaki alama nyekundu na sauti ya dada, lakini dada alikuwa ameshikwa na mafua makali, pua imeziba, maneno hayatoki. Kiguu akaliacha faili hivyo hivyo, akaanza lingine.

Ijumaa saa tisa mkurugenzi akapiga simu. "Mwanangu, nitumie kipande kidogo tu, nione rangi na mwanga."

Kiguu alikuwa kwenye ngazi za jengo la mteja mwingine, begi begani, simu mkononi. Alituma, akaendelea kupanda. Saa nzima baadaye, akiwa amesimama kwenye foleni, alifungua simu akaona alichotuma. Mkono wa Wembe chini ya kisu, mashine inanguruma, hakuna alama wala onyo.

Hapo ndipo alipotakiwa kupiga simu. Mtu yeyote angemwambia hivyo, na yeye mwenyewe alijiambia. Lakini simu ya kusema nimekosea ni nzito kuliko begi la kamera. Mkurugenzi hakuwa amejibu kitu. Labda hajafungua. Labda ataangalia rangi tu. Jumatatu atampelekea kipande kamili, na hiki kitasahaulika. Akairudisha simu mfukoni.

Jumamosi Wembe alimtembeza. Alivaa shati jeupe, naye Kiguu gauni la njano ambalo dada alimlazimisha. Walikaa kwenye benchi la bustani wakila karanga, na Kiguu akawa anampangusa makombo shatini.

"Una nini leo?" Wembe aliuliza. "Mguu wako unataka kuchimba kisima."

"Kazi tu, mpenzi. Uchovu."

"Twende basi ukamwone mzee. Amenisumbua wiki nzima, nani huyo anayenifanya nicheke na simu."

Mzee aliwapokea mlangoni akiwa amevaa koti la suti juu ya kaptura, maana alisikia wageni wanakuja na hakuwa na muda wa kumaliza kuvaa. Alimpa Kiguu mkono wenye vidole vitatu, akamtazama usoni. "Binti, huyu mwanangu ni mgumu. Anakagua hata jiko la chai. Utamweza?"

"Nitajaribu, baba."

"Jaribu polepole. Ana presha ya usalama."

Walicheka wote. Kiguu alicheka kuliko wote. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia Wembe. Mara zote mbili akaomba maji.

Jumatatu saa tatu asubuhi Wembe alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Mama mkurugenzi, kwa kupendezwa na rangi, alikuwa amekirusha kile kipande kwa wamiliki bila kukitazama mpaka mwisho. Wamiliki walikitazama mpaka mwisho. Na kwa kuwa habari mbaya haina breki, kufikia saa nne kilikuwa kwenye simu za wafanyakazi wote, na wale aliowakaripia miaka minane kwa ajili ya vidole vyao walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Kumbe mwalimu mwenyewe!

Simu ya Kiguu ililia.

"Ile sauti nani aliiweka?" aliuliza Wembe. Hakumsalimu.

"Mimi. Mpenzi, nisikilize..."

"Mashine ilikuwa imezimwa."

"Najua. Ni faili ambalo halijakamilika, dada alikuwa mgonjwa, na mimi..."

"Baba ameiona."

"Ameionaje?"

"Jirani kamwonyesha. Ameitazama mara mbili. Ameniuliza, mwanangu, hata wewe?" Sauti yake ilikwaruza, na safari hii haikuwa ya kelele za mashine. "Usinipigie."

Siku nzima Kiguu alipiga. Akatuma ujumbe, akaufuta, akatuma mwingine. Alitembea mtaa mzima akarudi, akatembea tena. Dada yake, anayepumua sasa kwa pua moja, alimkalisha chini kwa nguvu.

"Mwambie ukweli. Aliyeisambaza ni mkurugenzi."

"Huo ni nusu."

"Nusu si uongo."

"Dada, nilijua tangu Ijumaa."

Dada akamwachia mkono. "Hilo hajui?"

"Hajui."

"Basi usimwambie!"

Jumanne mchana Kiguu alibisha mlangoni kwa mzee. Alifunguliwa na mzee mwenyewe, ambaye leo hakuwa na koti wala utani. Wembe alikuwa sebuleni, shati halijapigwa pasi, na hilo peke yake lilimuumiza Kiguu kuliko maneno.

"Nimekuja kusema jambo moja," alisema akiwa bado amesimama. "Nilituma faili lisilotakiwa. Hilo ni kosa la haraka. Lakini nililigundua siku ile ile. Ijumaa. Nikanyamaza, nikingoja Jumatatu nilifunike."

Wembe aliinua kichwa polepole. "Ijumaa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Jumamosi, pale kwenye benchi, unanipangusa makombo, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na hapa? Baba anakushika mkono?"

"Nilijua, Wembe. Niliogopa utaniona sifai."

"Faili ningekusamehe hapo hapo mlangoni," alisema Wembe. "Watu hukosea. Lakini uliniacha nicheke siku mbili huku unajua kinachonijia." Akaugeuzia uso ukuta. "Nenda, tafadhali."

Mzee alimsindikiza mpaka nje. Alikuwa mtu wa utani, na alipokosa utani alizungumza taratibu sana. "Binti, watu hudhani vidole vyangu vilichukuliwa na kisu. Kisu kilimalizia tu. Wiki ile msimamizi alijua swichi ina hitilafu. Alijua Ijumaa. Akasema, tutaitazama Jumatatu. Mimi nilikuwa na zamu ya Jumamosi."

Hakusema zaidi. Alimpungia mkono ule ule akarudi ndani. Kiguu alitembea kwenda kwao kwa miguu, kituo baada ya kituo, akilia waziwazi, na watu wakimpisha njia.

Jumatano asubuhi alikuwa mbele ya meza ya mkurugenzi na kompyuta yake. Alimwonyesha picha ghafi, zote, kabla hazijakatwa. Wembe anazima swichi kuu. Wembe anautoa ufunguo. Wembe anajaribu mtambo mara tatu. Wembe anatia mkono katika ukimya mtupu, kiasi cha kusikia mtu akisukuma mkokoteni upande wa pili wa kiwanda.

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Mungu mkubwa. Basi kesho namrudisha kazini. Tutaandika kulikuwa na tatizo la kiufundi, yaishe. Na wewe endelea na video za matawi."

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Aliaibishwa kwa kelele, hawezi kusafishwa kimya kimya. Naomba bwalo la chakula, saa ya mapumziko, wafanyakazi wote. Nitaleta video ya dakika tatu."

"Itasema nini?"

"Itasema nani alikosea."

Mkurugenzi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na yeye pia alikuwa na wa kumhoji. "Nami kosa langu la kurusha nisichokitazama nimewaandikia wamiliki jana. Lakini wewe ni mtu wa nje, mwanangu. Ukijitangaza mbele ya watu wote kwamba ulijua ukanyamaza, mimi siwezi tena kukupa yale matawi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na bado unataka bwalo?"

"Saa saba, mama, kama inawezekana."

Kiguu alikuwa amewaweka watu wasiohesabika mbele ya kamera. Wakurugenzi, makarani, mafundi, wote aliwaambia wasiogope. Jioni ile aliiweka kamera mbele yake mwenyewe, akaketi, na kila alipowasha alisahau hata anachokitaka duniani. Mara ya kwanza alieleza sana. Mara ya tatu alijitetea. Mara ya saba alilia, akajiona anawaomba watu wamwonee huruma, akaifuta. Mara ya kumi na moja alisema tu.

Alhamisi saa saba bwalo lilijaa. Watu mia mbili, sahani mezani, minong'ono. Wembe aliitwa kuchukua barua ya kurudishwa kazini, akasimama karibu na mlango, mikono kifuani. Mzee alikuwa kando yake, koti la suti, na leo hata suruali.

Kwenye ukuta mweupe zikaja picha ghafi, swichi, ufunguo, mtambo uliokufa, mkono. Kisha uso wa Kiguu, bila miwani, bila muziki.

"Mimi ndiye niliyepiga video hii," ulisema uso ule. "Mashine mnayoisikia ikinguruma, niliingurumisha mimi kwenye kompyuta. Mwalimu wenu alikuwa ameizima na ufunguo anao. Nilituma kipande kibaya Ijumaa saa tisa. Saa kumi nilijua. Sikumwambia mkurugenzi, sikumwambia mwalimu, kwa sababu niliona aibu. Yeye ndiye aliyebeba aibu hiyo. Miaka minane amewaambia, ukiona hatari sema saa hiyo hiyo. Mimi niliona, sikusema. Njia isiyo sahihi ni ile yangu."

Picha ikazimika. Kwa muda hakuna aliyejua afanye nini na kijiko chake. Kisha fundi mmoja wa mashine namba tatu, aliyecheka sana siku ile ya Jumatatu, akasimama, akamwendea Wembe, akampa mkono. Akaja wa pili. Wakaja wengi, wakapanga foleni kama ya chakula, na mzee akawa anapokea mikono naye kana kwamba ni harusi yake.

Kiguu hakungoja. Alikuwa uani, nyuma ya bwalo, akikunja nyaya vibaya, akizikunjua, akizikunja tena, aliposikia viatu.

"Ile kazi ya matawi?" aliuliza Wembe.

"Imekwenda."

"Kwa ajili yangu?"

"Usijipandishe. Kwa ajili ya Jumamosi." Hakumtazama. "Umepata barua?"

"Nimepata. Narudi kesho." Alichukua waya mikononi mwake, akaukunja mara moja, sawasawa, akauweka begini. "Jumanne, pale kwetu, ungeweza kusema mkurugenzi ndiye aliyesambaza. Ningeamini."

"Dada alinishauri hivyo."

"Na ile Ijumaa nisingeijua maisha."

"Usingeijua."

Wembe alikaa kwenye sanduku la taa. Alionekana kama mtu ambaye hajalala tangu Jumatatu, na kweli hakuwa amelala. "Nimekaa siku mbili najiuliza, huyu mwanamke akiweza kuninyamazia siku mbili, si ataninyamazia miaka? Nikaamua basi. Nimekuja leo nimeshaamua. Halafu nakuona ukutani unajishitaki mbele ya watu mia mbili, hakuna aliyekulazimisha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mtu wa namna hiyo nyumbani atanificha nini?"

"Mengi," alisema Kiguu, machozi yakimshuka. "Viatu, kwa mfano. Sitakuambia nina jozi ngapi."

"Viatu ficha." Hakucheka. "Nakuuliza neno moja, na usijibu mbio mbio kama kawaida yako. Nikuoe?"

Kiguu alisimama. Mguu ulitaka kuondoka, akaukatalia. "Bado umenikasirikia?"

"Sana. Hasira haijaisha, na sijui itaisha lini. Nakuuliza nayo hivyo hivyo."

"Basi njoo nayo," alisema Kiguu. "Nakubali."